Chokaa ya Kilindini

Kama kuna mtu hapa kisiwani, kijijini kwetu Ngerbeluul, aliyeambiwa na kila mmoja kwamba kazi yake haina maana, ni Maireng. Aliambiwa na wajomba, akaambiwa na wauza samaki, akaambiwa hata na kasisi siku ya ubatizo wa mtoto wa watu. Mwanamke wa miaka thelathini na tisa, hana mume, na shamba la majimbi aliloachiwa na marehemu mama yake limeota magugu mpaka kuku wanapotea humo. Hapa kwetu kuliko mwanamke asiyelima majimbi, afadhali asiye na meno. Na ukimuuliza basi kutwa unafanya nini, anakujibu kwamba anahesabu viumbe wa kwenye matumbawe. Matumbawe gani? Yale ambayo hakuna anayeyaona. Haya, muelewe mtu huyo kama unaweza.

Matumbawe ya juu kila mtu anayajua. Mtoto anajifunza kuogelea juu yake, anachanika goti, anapakwa dawa, maisha yanaendelea. Ya Maireng yalikuwa mengine kabisa. Nje ya mwamba wetu, pale maji yanapoacha ukijani na kuwa bluu iliyoiva, ukuta wa mwamba unateremka wima kwenda chini. Mvuvi akifika pale anatupa mshipi mrefu, anavuta samaki wake mwekundu, anarudi nyumbani. Maireng alikuwa anashuka mwenyewe. Mita mia moja na zaidi, mahali ambapo jua limebaki hafifu kama taa inayoishiwa mafuta, na mgongoni ana mtambo unaosafisha pumzi yake na kumrudishia aivute tena.

Kushuka ni dakika chache. Kupanda ndiyo kazi. Unaning'inia kwenye kamba saa baada ya saa, unapanda kidogo, unasimama, unapanda kidogo, kwa sababu ukiwa na haraka damu inajaa mapovu na unafika juu maiti au kiwete. Mwenzake wa kuzama alikuwa Haruo, mwendesha boti, mtu wa maneno mengi na tumbo kubwa, aliyemwita Daktari kwa ajili ya usomi wake wa viumbe wa bahari.

"Daktari," alikuwa akimwambia wakivua mitambo, "sisi tunafanya kazi dakika ishirini na kurudi nyumbani nusu siku. Hata serikalini hawajafikia hapo."

"Ungepunguza tumbo tungerudi mapema."

"Hili tumbo ndilo nanga yako, bibi. Siku nikikonda utapeperuka."

Huko chini Maireng alikuta mambo. Samaki wa mistari ya dhahabu ambao hakuna lugha iliyowahi kuwapa jina. Kaa wa zambarau wadogo kama kunde. Na kwenye kibaraza kimoja cha mwamba, kichaka cha matumbawe yenye matawi, meupe yanayoelekea waridi, yanayokua kwa mwaka mmoja nusu ukucha tu. Tawi la urefu wa mkono wa mtu mzima lilianza kumea Wajerumani hawajatia mguu hapa, sembuse Wajapani, sembuse Wamarekani. Siku ya kwanza alipokiona alilia ndani ya miwani ya kuzamia, na kulia chini ya maji ni upumbavu, maana huwezi kujifuta. Kwa miaka saba alikuwa akirudi palepale, akahesabu nani anaishi kwenye kila tawi, na hakuwa amefika hata nusu.

Kisha ikaja ile kampuni ya meli za watalii. Walitaka kufunga meli zao nje ya mwamba wetu, na walitaka palepale, kwenye ukuta ule, washushe nanga na minyororo mizito ya chuma. Walizungumza vizuri, wakaleta na nguruwe wawili. Mnyororo wa meli hausimami, jamani. Unazunguka na upepo, unafagia. Maireng alijua kwamba msimu mmoja tu wa minyororo ungekifagilia mbali kichaka chake na wote waliokaa ndani yake.

Dawa ilikuwa moja: bul. Wazee wa vyeo wakikaa ndani ya bai, nyumba yao ya baraza, wakatamka bul juu ya mahali, pamefungwa. Hakuna wa kushusha nyavu, hakuna wa kugusa, na hata kampuni yenye nguruwe mia haithubutu. Maireng akaenda kwao na picha zake. Alikaa mlangoni, maana baraza ni la wanaume, akawaonyesha zote.

Mzee Uchelbang, mwenye cheo cha kwanza, alizitazama mpaka ya mwisho, tena kwa adabu. Kisha akasema:

"Binti yetu, picha nzuri. Lakini siku hizi mjukuu wangu ananionyesha picha ya pweza anaendesha gari. Halafu bul tunaweka juu ya kitu kinacholiwa, watu wasije wakakimaliza. Samaki, kombe, jongoo bahari. Nitafungaje kitu ambacho hapa kijijini hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kukila wala kukishika?"

"Ndiyo," akadakia Mzee Kuniwo, wa cheo cha pili, mdomo mwekundu kwa tambuu. "Tufunge mahali kwa ajili ya hewa?"

"Lete hicho kitu," Uchelbang akasema. "Kiweke hapa sakafuni tukione kwa macho yetu, Jumamosi. Usipokileta, siku hiyohiyo tunawakubalia watu wa meli."

Maireng hakupenda. Kukata kilichoishi miaka yote hiyo ili kukionyesha kwa wazee! Lakini angefanyaje? Siku iliyofuata alishuka na Haruo, akachagua tawi moja la pembeni, akalikata huku Haruo amemshikia kiwiko. Walilipandisha kama wamebeba mtoto mchanga. Kipande kama ukucha kilipelekwa maabara kwenye chupa ya spiriti. Tawi lenyewe akaliloweka kwenye dawa ya kung'arishia nguo, nyama yake ilainike itoke, umbo lionekane vizuri. Likawa jeupe pe. Alhamisi akalianika juu ya bati la jiko la nje kwa mama yake mkubwa, Kiblas, kwa kuwa nyumba hiyo iko hatua chache tu kutoka kwenye bai, kisha akarudi mjini Koror kumalizia kazi zake.

Hapo ndipo alipokosea, na mtu wa hapahapa hakutakiwa kukosea hivyo. Jumamosi hiyohiyo, asubuhi, kulikuwa na shughuli ya Sariang, bintiye Mama Kiblas, aliyejifungua mtoto wake wa kwanza. Alikuwa ameogeshwa maji ya moto na majani siku zake zote, na sasa anatolewa nje aonekane. Katika shughuli kama hiyo kila mtu wa ukoo ana cha kuleta, na anayegawa ni mwanamke mkubwa wa nyumba. Huyu nguruwe, yule mchele, yule samaki. Maireng alikuwa amepangiwa tangu mwezi uliopita.

"Wewe lete chokaa ya tambuu," Mama Kiblas alimwambia. "Hulimi, hupiki, nguruwe huna. Chokaa tu, mwanangu. Hiyo nayo itakushinda?"

"Haitanishinda, mama," Maireng alijibu, na akili yake iko mita mia chini ya maji. Akasahau. Akasahau kabisa!

Jumamosi alifika amechelewa, gari limemzimikia njiani. Ngoma imeshapamba moto. Sariang amesimama jukwaani anang'aa kwa mafuta ya nazi na manjano, shangazi wa upande wa mume wanacheza na kumtupia noti, na wazee wa bai wote wamekaa kwenye viti vya mbele wanatafuna. Hapo ndipo Maireng alipokumbuka chokaa. Akatafuta pa kujificha. Mama Kiblas akamuona, akamjia mbio na mwili wake wote, mikono wazi.

"Mwanangu! Leo umenitoa kimasomaso!"

"Mimi?"

"Wewe nani mwingine? Nilishasema huyu hana faida. Nilisema mbele za watu! Leo nameza maneno yangu."

Maireng akadhani anapigwa kijembe, na akaona anastahili. Mama Kiblas akamkalisha, akamkatia popoo, akaifunga kwa jani, akanyunyiza chokaa kwa ukarimu, akamtia mdomoni mwenyewe kama mtoto. Maireng akatafuna. Alikuwa amekesha siku mbili, na joto la tambuu likampanda kichwani taratibu, likamtuliza.

"Chokaa nzuri hii," akasema. "Laini. Wala haiunguzi ulimi."

Mama Kiblas akaangua kicheko, akampiga begani. "Tazama anavyojisifu! Ya kwako mwenyewe halafu unajisifia!"

"Ya kwangu?"

"Si matumbawe yale uliyoanika juu ya bati? Nilipoyaona nilipiga vigelegele peke yangu. Nikasema mtoto amekumbuka, tena ameyasafisha, hata mchanga hayana. Jana alfajiri nikachimba shimo, nikayachoma kwa makumbi ya nazi kutwa nzima. Yametoka unga kama wa ngano, vikopo sita. Hakuna mtu hapa ambaye hajatafuna."

Masikio ya Maireng yalivuma. Aliona midomo ya mama yake mkubwa inaendelea kucheza, asisikie kitu. Akainuka, akakimbia nyuma ya nyumba. Juu ya bati hakuna kitu. Chini, shimo la majivu, makumbi yaliyoungua, na pembeni kwenye majani vumbi jeupe jeupe lililomwagika wakati wa kuchekecha. Akakaa chini palepale. Miaka mia na hamsini! Tawi limepita vita viwili vya wakubwa, limepita vimbunga, limekaa gizani halimdhuru mtu, halafu limemalizwa na makumbi ya nazi kwa siku moja. Na ladha yake bado imo mdomoni.

Haruo alimfuata, shavu limetuna kwa tambuu. "Daktari, vipi? Umeona jini?"

Maireng akanyoosha kidole kwenye bati, kisha kwenye shimo, kisha kwenye shavu lake.

Haruo alitazama bati. Akatazama shimo. Taya likasimama. "Usiniambie," akasema. Halafu akatema kila kitu kwenye kiganja, akabaki amekishika, hajui akiweke wapi.

Mama Kiblas naye akaja akihema, akaambiwa. Mwanzoni hakuelewa, kisha akaelewa, akajishika kichwa kwa mikono miwili. Lakini si mwanamke wa kukubali lawama peke yake.

"Sasa si ungesema! Umeagizwa chokaa. Unaanika matumbawe meupe kwenye jiko la mtu siku mbili kabla ya shughuli. Ulitaka nidhani ni nini, maua ya harusi?"

Na alikuwa na haki. Kila mwanamke wa hapa angeyachoma, maana chokaa yetu ya tambuu ni matumbawe yaliyochomwa. Maireng alilijua hilo, na ndiyo maana hakuweza hata kukasirika.

"Baraza linakaa saa nane," akasema Haruo. "Utawaonyesha nini? Kale ka ukucha ka kwenye chupa?"

Mama Kiblas alikaa kwenye gogo akaanza kulia.

Saa nane wazee walikuwa ndani ya bai, kila mmoja na kikapu chake cha tambuu pembeni. Maireng alikaa mlangoni, mikono mitupu, Haruo nyuma yake. Wanawake wakubwa wa ukoo walikuwa nje chini ya upenu, kama ada, na Mama Kiblas kati yao. Kabla hata Mzee Uchelbang hajafungua kikao, Kuniwo aliinua kopo lake dogo.

"Mimi nina neno kwanza. Chokaa ya leo imetoka wapi? Nimetafuna miaka sitini, sijaonja kitu kama hiki. Nasikia binti ameitoa kule ukutani, chini kabisa. Sasa mimi nasema watu wa meli waje na minyororo yao. Wakivuta minyororo, na sisi watuvutie na hayo matumbawe. Kijiji kizima kitauza chokaa!"

Wazee wakacheka, wengine wakaitikia kwa vichwa. Si mzaha wote. Yaani ushahidi alioutafuta Maireng umegeuka kitanzi.

"Sema imenunuliwa kisiwa cha Yap," Haruo akamnong'oneza. "Sema imetoka Yap, yaishe."

Maireng alifungua mdomo aseme hivyohivyo. Maneno yaliyotoka yakawa mengine.

"Wazee wangu, mliniambia nilete kile kitu mkione. Nimekileta. Kimo midomoni mwenu."

Kuniwo alikuwa bado anatafuna, akapunguza, akaacha.

"Tawi moja," Maireng akaendelea. "Tawi moja nililolikata kwa sababu mliniambia nilikate. Mzee Uchelbang, babu wa bibi yako alipokuwa kijana, tawi lile lilikuwa hai, urefu wa kidole. Aliishi juu yake kaa ambaye sijamuona popote duniani. Likakua nusu ukucha kwa mwaka, mwaka hadi mwaka, mpaka wiki hii nilipolikata. Na leo tumelimaliza kabla ya chakula cha mchana. Mlisema hamuwezi kufunga kitu ambacho hakuna aliyekila. Haya. Mmekila."

Mzee mmoja pembeni alitema ndani ya kopo, na sauti ya kutema ikasikika bai nzima. Mwingine akajaribu, akakuta ameshameza. Kuniwo alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, macho yamemtoka, kama mtoto aliyeambiwa kwamba mboga aliyokula ni paka wake.

"Hatukujua," akasema kupitia vidole.

"Hatukuuliza," akasema Uchelbang.

Alijipangusa midomo kwa kitambaa, polepole, kisha akakitazama kile chekundu kilichobaki juu ya kitambaa. Alipoinua uso hakuwa mtu wa utani tena.

"Viko vichaka vingapi?"

"Nimekiona kimoja, Mzee."

"Kimoja." Akalirudia neno mara mbili. "Basi. Ukuta ule una bul, kutoka mdomo wa mlango-bahari mpaka rasi. Watu wa meli wakatafute pengine, na nguruwe wao tutawarudishia wengine. Nani anapinga?"

Hakuna aliyepinga. Kuniwo ndiye aliyetikisa kichwa kwa nguvu kuliko wote. Huko nje wanawake walipiga kofi moja la pamoja, kama wanavyokubali. Maireng alihisi machozi, ya furaha sasa, yanamjia kwa kasi, na Haruo akamfinya bega mpaka likauma. Amepata! Licha ya chokaa na mkosi wote ule, amepata.

"Sijamaliza," akasema Uchelbang. "Bul hii si ya msimu. Tumekula bila kuomba, tumekula kitu kikubwa kuliko sisi. Kwa hiyo kila aliyetafuna chokaa ile asifike pale tena. Asizame, asishushe mshipi, asishushe hata kamba, mpaka siku ya kuzikwa kwake. Mimi nilitafuna. Nimejifungia."

"Nilitafuna," akasema Kuniwo, chini chini.

"Nilitafuna." "Nilitafuna." Neno lilizunguka ndani ya bai, mzee kwa mzee. Likafika mlangoni. Haruo aliinamisha kichwa, akasema nilitafuna, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe.

Uchelbang akamgeukia Maireng. Alimtazama kwa huruma, nadhani, maana alichelewa kuuliza.

"Na wewe, binti yetu? Ulitafuna?"

Kabla hajajibu, sauti ya Mama Kiblas ilipasua kutoka upenuni, ya juu, ya mwanamke anayesema uongo mbele ya ukoo wake kwa mara ya kwanza maishani.

"Hakutafuna huyo! Alichelewa! Gari lilimzimikia! Mimi ndiye mwenye chokaa, mimi ndiye niliyegawa, sikumpa!"

Hakuna mwanamke hata mmoja aliyemkanusha, na wote walikuwapo. Wazee nao walitazama sakafu. Mlango umeachwa wazi kwa makusudi, na Maireng aliuona. Kunyamaza tu kungetosha. Miaka saba, na nusu haijafika. Yule kaa wa zambarau hana hata jina. Hapa Ngerbeluul hakuna mwingine anayejua kushuka kule, na akina nani watakuja kutoka nje, na lini? Alikuwa amebana midomo, na bado ilikuwa myekundu.

"Nilitafuna, Mzee," akasema. "Mama ananihurumia tu. Nilitafuna, na nikasema ni nzuri."

Mama Kiblas alilia kwa sauti ya msiba, akilaani jiko lake, akilaani mikono yake, na wenzake wakamshika asijipigize chini. Uchelbang aliinamisha kichwa mara moja, na baraza likafungwa.

Meli hazikuja. Maireng yuko, ukipita asubuhi utamkuta kwenye shamba la majimbi la mama yake, tope mpaka magotini, na magugu yamepungua. Watu hawamwambii tena kwamba kazi yake haikuwa na maana. Wanamuuliza huko chini sasa kukoje, lile tawi limeota tena, kaa wapo? Anakujibu ukweli, kwamba hajui.